Baraka ya Jioni Moja

Mzee Gavriel Pardo alichagua saa mbaya ya kufa. Ilikuwa alasiri ya siku ya kazi, wanaume wote wa mtaa wako sokoni na bandarini, na uani hakukuwa na mtu wa kutumwa isipokuwa Bi Strea, jirani, mjane mwenye magoti mabovu na ulimi mzima. Merkada, binti wa mzee, alikuwa ameketi kando ya kitanda akimenya maharage mabichi aliposikia pumzi ya baba yake imebadilika. Kuna mkoromo wa kifuani unaopanda na kushuka bila kutoka. Alikuwa ameusikia mara moja tu maishani, kwa mama yake, na hakuhitaji daktari wa kumwambia maana yake.

"Bi Strea!" aliita dirishani. "Nakuomba, nenda dukani kwa Yomtov. Mwambie baba anamtaka. Aje sasa hivi."

"Nimwambie mzee yuko hoi?"

"Mwambie ukweli. Anapumua, anaongea, na jina analolitaja ni lake yeye."

"Haya, mwanangu," alisema Bi Strea akijitupia shali mabegani. "Leo magoti haya yatanitambua."

Hilo la jina lilikuwa kweli tupu. Tangu adhuhuri mzee alikuwa na neno moja tu: "Yomtov amekuja?" Macho yake yalikuwa yamemtangulia kufa, mwaka wa pili sasa, na kila mlango uliolia alidhani ni mwanawe. Alitaka jambo dogo. Kwao, baba akiona safari imefika humwekea mwanawe mikono kichwani na kumbariki, kama alivyobarikiwa yeye na baba yake, na huyo na baba yake, kurudi nyuma mpaka Hispania walikofukuzwa. Mzee Gavriel alitaka kuweka mikono juu ya kichwa cha Yomtov, basi. Hakuomba dawa wala maji.

Na duka la Yomtov halikuwa mbali. Mwenye magoti mazima angekwenda na kurudi kabla birika la kahawa halijachemka.

Huyu Yomtov mchana aliuza vitambaa, na jioni aliongoza sala katika sinagogi ya mtaani. Alikuwa na sauti ambayo watu wa Saloniki waliifuata kutoka mitaa mingine. Wanawake walipanda roshani yao mapema wapate nafasi karibu na pazia la mbao. Mungu alipogawa sauti alimpa Yomtov fungu la watu watatu. Alipofika kwenye kugawa mambo mengine, nadhani aliona huyu ameshashiba.

Fahari yake kubwa ilikuwa hesabu ya Omeri. Kila jioni tangu Pasaka mpaka Sikukuu ya Majuma, nyota zikishatoka, mwanamume wa Kiyahudi husimama, hutoa baraka, na kutaja leo ni siku ya ngapi. Akipitiwa na siku nzima, usiku wake na mchana wake, ataendelea kuhesabu lakini bila baraka mpaka mwaka ujao. Yomtov hakuwahi kukosa baraka hata ya jioni moja tangu alipoingia utu uzima wa sheria, akiwa na miaka kumi na mitatu. Alilisema hilo harusini, alilisema matangani, alilisema akipima kitambaa. "Mnyororo wangu haujakatika," angesema, na mteja angetikisa kichwa kwa heshima huku jicho lake likichunga mkasi.

Baba yake alikuwa akimcheka. Wake ulikatika. Mkewe alifariki miaka mingi nyuma, majira hayo hayo ya kuhesabu, na sheria juu ya jambo hilo iko wazi: mfiwa ambaye maiti wake hajazikwa ameondolewa kila wajibu. Hasali, habariki, hahesabu. Kazi yake ni maiti wake tu. Jioni ile mzee alikaa ameushika mkono wa mkewe, nyota zikatoka, na yeye hakusimama. Kesho yake baada ya maziko alihesabu kimya kimya bila baraka, na jioni iliyofuata akaendelea kama watu wengine. "Hesabu yangu ina tundu," alikuwa akisema, "na ndani ya tundu yupo mama yenu. Nilizibe la nini?" Wakati huo Yomtov alikuwa na miaka kumi, sheria ilikuwa bado haijamfikia. Merkada alikuwa na kumi na minne, na sheria haikuwa na nia ya kumfikia.

Maana wanawake hawahesabu. Wajibu unaofungwa na saa si wao; wameachwa huru. Na ukiuliza kwa nini basi wasihesabu na kubariki kwa hiari yao, utajibiwa kama Yomtov alivyomjibu dada yake mbele ya wageni, mdomo umejaa borekasi, sambusa za kuoka za dada huyo huyo: "Nyinyi mtasahau siku moja tu, halafu baraka zote zimekuwa bure." Wageni walicheka, na Merkada akacheka nao, kwa sababu alikuwa ameshika sahani na hakujua afanye nini na uso wake. Yeye ndiye aliyemwogesha mtoto yule, akamlisha, akamwoza. Yeye mwenyewe hakuolewa. Kila mposaji alipokuja kulikuwa na sufuria jikoni.

Na miaka hii miwili, nani alikuwa akiitunza hesabu ya mzee? Kumbukumbu ilimtoka pamoja na macho. Kila machweo alimwuliza binti yake, "Jana ilikuwa ngapi?" Hivyo ndivyo inavyoulizwa kwao, kwa kuwa siku ya leo haitajwi ovyo kabla ya baraka, mtu hutajiwa ya jana, akajiongezea mwenyewe. Merkada alimtajia ya jana. Mzee akabariki, akahesabu, akalala. Merkada hakukosea hata siku moja, na hakuna aliyemsifu, kwani nani amsifu mtu kwa kazi ambayo si yake?

Bi Strea alirudi peke yake, shali inaburuta.

"Yuko wapi?" aliuliza Merkada.

"Usiniulize yuko wapi. Niulize kaniambia nini." Akajibwaga juu ya sanduku la nguo. "Nilipotokeza tu mlangoni akatupa mkasi, akaziba masikio. Naapa kwa makaburi ya waume zangu wote wawili, Merkada, kaziba masikio kama mtoto anayeogopa radi! 'Bi Strea,' ananiambia, 'kama limetokea lolote usinieleze. Sijasikia kitu. Nitakuja nikishahesabu.' Nikamwambia, baba yako yu hai, mwanaharamu wewe…"

"Bi Strea!"

"Hilo sikulisema. Nililifikiria kwa sauti. Nikamwambia yu hai, anakuita. Unajua akaniuliza nini? 'Atafika usiku?' Hivyo hivyo, kama anauliza meli."

Merkada alimtazama bila kuelewa. Bi Strea, ambaye sheria za kuzika alizijua kuliko za kuoa, akashusha sauti ili mzee asisikie.

"Anaogopa, mwanangu. Akija hapa, na mzee akamfia mikononi kabla ya nyota, yeye ni mfiwa. Leo hatabariki. Lakini asiyeambiwa bado hajafiwa, umenielewa? Basi anakimbia asiambiwe."

"Kwa ajili ya jioni moja?"

"Kwa ajili ya jioni moja."

Asingeipoteza hata hesabu yenyewe. Kesho baada ya maziko angehesabu mchana, na jioni angeendelea. Angekosa baraka moja, maneno yasiyomaliza pumzi moja, na kwa maneno hayo anamwacha baba yake apapase hewa. Merkada aliona aibu, aibu ya mtu aliyemlea mtoto akatoka hivi.

"Nenda tena," alisema. "Mwambie sasa ni mimi ninayemwomba. Mwambie sijamwomba kitu tangu azaliwe."

"Mwanangu, magoti…"

"Bi Strea."

Bi Strea akaenda. Kitandani mzee aligeuza uso kuelekea mlangoni.

"Yomtov amekuja?"

"Anakuja, baba."

Alilisema, na mara likamchoma, kwani hakuwa na mazoea ya kumdanganya. Akamfuta jasho. Akajiambia kwamba jirani aliyetumwa ni jambo moja na dada aliyelea ni jambo lingine; Yomtov atasikia neno la dada yake, ataona haya, atakuja mbio na rangi ya vitambaa vidoleni. Alikaa akisikiliza hatua uani. Zilipokuja zilikuwa za mtu anayechechemea.

"Kafunga duka," alisema Bi Strea, safari hii bila kuketi. "Katangulia sinagogi. Nimepanda roshani, ngazi zile Mungu ndiye anayezijua, nikamwita kwenye tundu za pazia: 'Yomtov! Dada yako anakuomba!' Akainua kichwa, akaniona. Nakuapia aliniona. Pale pale akarudi hatua tatu, akaja hatua tatu, akaanza sala ya kusimama, ile ambayo mtu hakatizwi hata nyoka akimzunguka kisigino. Basi nyoka nikakaa nimngoje. Ngoja ngoja huumiza matumbo! Hajasali polepole vile hata siku ya kufunga. Kila neno analitafuna, analimeza, analicheua. Nikashuka zangu."

"Ni Yomtov?" aliuliza mzee.

"Ni Bi Strea, baba."

"Na wewe nani?"

"Mimi Merkada."

"Ah," alisema mzee. "Wewe upo."

Alilisema bila ubaya, kama mtu anayepapasa akakuta kiti kipo mahali pake. Merkada alijua halikuwa neno baya. Lakini alikuwa amekaa kando ya kitanda kile miaka miwili, na lilimwingia mpaka mfupani.

Ndipo mzee alipotoa mikono chini ya blanketi. Aliiinua yote miwili, viganja vimeangalia chini, akaiweka hewani mahali ambapo kichwa cha mtu aliyepiga magoti kingekuwapo. Midomo ilikuwa imeanza kutembea. Mikono ikatafuta kushoto, ikatafuta kulia, haikukuta kitu.

"Weka kichwa," alinong'ona Bi Strea. "Weka wewe, mwanangu. Weka haraka!"

Merkada alipiga magoti. Angeweza. Palikuwa na shubiri moja tu kati ya kitambaa chake cha kichwa na viganja vile. Lakini mikono ile haikumtafuta yeye, na maisha yake yote alikuwa amefundishwa kutogusa kisichokuwa fungu lake. Akawaza kwamba baba atakigusa kitambaa, atauliza Yomtov yuko wapi, na itabidi amjibu. Alipokuwa bado anawaza, mikono ikashuka juu ya blanketi, mmoja kwanza, kisha wa pili. Ule mkoromo ulipanda, na haukushuka tena. Jua lilikuwa bado limekaa juu ya ukuta wa nyumba ya ng'ambo.

Bi Strea ndiye aliyeyafumba macho ya mzee. Merkada alibaki pale pale chini, na kwa muda hakuweza kuinuka kwa sababu ya hasira, na hasira kubwa ilikuwa juu ya shubiri ile moja na juu yake mwenyewe.

Kwao kifo hakitangazwi kwa mdomo. Mtu akifa, maji yote yaliyomo ndani ya nyumba ile na ya majirani humwagwa nje, na apitaye akaona ujia umelowa anajua, na hakuna ulimi uliobeba habari mbaya. Merkada akainua mtungi wa kwanza, akaumwaga kizingitini. Wanawake wa uani waliona, wakatoa mitungi yao bila kuuliza. Maji yakajaa uani, yakatafuta njia kati ya mawe, yakashuka mtaani. Mume wa mmoja wao, aliyekuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka bandarini, aligeuza pale pale kwenda kuwaita watu wa mazishi.

"Niache niende mara ya tatu," alisema Bi Strea. Macho yalikuwa yanamwaka. "Nitapiga ukelele kule roshani mpaka kandili zidondoke. Baba yako amekufa, Yomtov! Tuone atahesabu nini."

"Wewe kaa na baba. Maiti haachwi peke yake. Nitakwenda mimi."

Tusimpambe. Hakwenda kumwita mdogo wake amlilie mzazi. Alikwenda kumvunjia hesabu. Alipita katikati ya maji yale bila kuinua nguo, na njia nzima aliyapanga maneno mawili mdomoni kama mtu anayepanga mawe.

Sala ya alasiri ilikuwa imekwisha, na wanaume walikuwa wamesimama nje ya sinagogi wakingoja nyota, tarabushi zimerudishwa kisogoni, wakibishana juu ya bei ya tumbaku. Yomtov alikuwa mlangoni, ameangalia juu. Aliposhusha macho alimwona dada yake. Alimtazama usoni. Kisha akamtazama chini: sketi imelowa na kumgandama miguuni mpaka magotini, viatu vinaacha alama za maji juu ya mawe. Alitazama pale muda mrefu kuliko mtu anavyotazama sketi ya dada yake.

Akaja mbio akiwa ameinua kiganja.

"Usiseme."

"Yomtov."

"Dada, nakuomba, usiseme neno. Imebaki nyota moja. Moja tu! Nikitoka utasema yote."

"Unajua nimekuja kwa nini?"

"Sijui kitu. Sijaambiwa kitu." Jasho lilikuwa linamtoka. "Merkada, wewe ndiye mama yangu. Usinifanyie hivi."

Mama yangu! Kalitoa leo, neno ambalo hajawahi kulitoa hata aliposhonewa suruali ya harusi. Merkada alifungua mdomo. Baba amekufa: akiyatema hayo, basi yamekwisha. Yomtov atalia, atalaumu, atasema dada yake alikuwa akimwonea kijicho siku zote, na labda si uongo. Lakini atakuwa mfiwa. Sheria itamfunika, wanaume hawa watamshika mabega, watamwambia pole, na baraka itakuwa imeondoka yenyewe bila yeye kuiachia. Merkada hakutaka kumpa hilo. Kama ameyaona maji na yuko tayari kuyaruka, na ayaruke mwenyewe.

Akafunga mdomo, akasogea ukutani.

Muda si muda mtu mmoja akasema, "Ile pale," na wote wakaingia. Kutoka nje Merkada aliisikia sauti ya mdogo wake ikipanda. Haikutetemeka. Ilikuwa nzuri kama siku zote, na hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote. Alikuwa ametumaini angalau itakwaruza. Yomtov akabariki, akataja siku, na umati ukafuata kwa mngurumo. Namba ile Merkada alikuwa nayo tangu jana. Sasa hakuwa na mtu wa kumtajia. Akiwa mwanamke alikuwa ameachwa huru, na akiwa mfiwa ameachwa huru tena, lakini hakukumbuka siku nyingine aliyojiona amefungwa kama ile.

Yomtov alitoka akijifuta shingo.

"Sasa sema."

"Unajua."

"Hujaniambia."

"Basi twende nyumbani ukaambiwe."

Merkada alitangulia, Yomtov akafuata nyuma, wote wawili wakikanyaga ujia uliolowa. Nyumbani Yomtov alifanya kila kitu sawasawa. Alichana upindo wa koti mahali panapostahili, akatamka yanayotamkwa, akauliza kama taa iliyowekwa kichwani pa maiti ina mafuta. Hakuuliza kama baba alisema neno. Macho yake yalikuwa makavu. Asubuhi wakamzika mzee juu ya kilima, na wenyewe wakarudi kukaa sakafuni siku saba, kama ilivyo ada, kaka na dada, kila mmoja na mto wake.

Rabi Ezrati alikuja siku ya tatu. Alikuwa mzee mfupi anayepumua kwa sauti, aliyesoma na marehemu utotoni, na chumba kizima kilimpisha. Alikaa kwenye kiti kidogo karibu na wafiwa, akanyamaza, maana mgeni wa msiba haongei mpaka mfiwa aanze. Yomtov akamsogelea mpaka magoti yakagusana.

"Rabi, nina swali."

"Sema, mwanangu," alisema Rabi Ezrati kwa upole. Alidhani ni swali la mtoto juu ya roho ya mzazi.

"Jioni ile nilibariki na kuhesabu. Baba alikuwa ameshafariki, lakini sikuambiwa. Nilikuwa na wajibu, au sikuwa nao?"

Rabi alimtazama. Chumbani wanaume walikuwa wanaongea taratibu, hawakusikia.

"Nani alikuja kukuita?"

"Dada."

"Merkada, binti yangu, ulimwambia?"

"Sikumwambia."

"Hata neno?"

"Hata neno."

"Unaona, Rabi," alisema Yomtov, na pumzi ikamtoka yote.

"Bado sijaona. Maji yalikuwa yameshamwagwa?"

"Yalikuwa yameshamwagwa," alisema Merkada.

"Na wewe ulipita wapi?"

Hapo Merkada angeweza kusema alipita pembeni. Hakuna mwingine aliyeiangalia sketi yake. Wanaume walikuwa na tumbaku yao. Neno moja dogo na mnyororo wa Yomtov ungekuwa mzima mpaka kaburini. Lakini kwa siku tatu alikuwa amekaa sakafuni na mtu huyu akimsubiri atoe chozi moja, na akafikiri, labda ni hesabu hiyo inayomzibia njia. Labda ikivunjwa, atamwona baba nyuma yake.

"Nilipita katikati. Nguo yangu ilikuwa imelowa mpaka magotini. Aliiona, Rabi. Aliitazama, kisha akaniambia nisiseme."

"Sketi ya mwanamke!" alinong'ona Yomtov. "Hiyo ndiyo itakayonihukumu?"

"Tulia. Unadhani tunamwaga maji kwa ajili ya nini, kuosha mtaa? Mwenye macho haambiwi tazama." Rabi alisema taratibu, kama mtu anayetoa mwiba. "Ulikuwa mfiwa, Yomtov. Mfiwa hakuwa na wajibu ule, na aliyebariki bila wajibu katika hali hiyo amebariki bure. Hesabu yako haikufa. Jioni zilizobaki bariki kama kawaida. Ila ile moja haipo."

Yomtov alishusha macho kwenye upindo wa koti uliochanika.

"Una swali jingine?" aliuliza Rabi.

"Sina."

"Juu ya baba yako. Huna swali?"

Lakini Yomtov hakuwa akimsikia tena. Midomo yake ilikuwa inacheza. "Miaka yote ile," alisema, chini kabisa, Merkada peke yake akasikia. "Miaka yote ile, dada." Kisha uso ukamvunjika, akajifunika kwa mikono na kulia, kilio cha kweli, cha kutoka tumboni, mabega yanaruka. Mazungumzo ya chumbani yalikatika. Wanaume wakainuka, wakamzunguka.

"Lia, ndugu yetu, lia. Baba kama yule hapatikani tena."

"Siku tatu alikuwa amejikaza, masikini."

"Ndiyo mapenzi ya mtoto hayo. Mwone!"

Muuza samaki mmoja, mtu mzima, alitoa leso akajifuta macho yake mwenyewe. Rabi Ezrati aliinamisha kichwa akitazama sakafu. Merkada alikaa kwenye mto wake akisikiliza kilio kile alichokingoja siku tatu. Alikuwa amekinunua kwa ukweli, na hakikuwa cha baba. Hakuna hata tone moja lililokuwa la baba.

"Merkada," alimwita mtu mmoja kutoka katika lile kundi, "usikae tu. Mletee ndugu yako kahawa. Huoni amefiwa?"

Mfiwa hainuki kuhudumia watu. Hata watoto wa uani wanalijua hilo. Merkada alingoja kidogo, aone kama kuna atakayesema. Kisha akainuka, akaenda jikoni, akampita Bi Strea aliyekuwa ameweka mkono mdomoni, akarudi na kikombe juu ya sinia. Yomtov akakipokea. Akajifuta uso kwa mkono wa koti lililochanika, akavuta pumzi, na kama ilivyo desturi kabla ya kunywa akatoa baraka, na sauti ile, ikiwa imelowa machozi, ilikuwa nzuri kuliko alivyowahi kuimba mimbarini. Chumba kizima kikaitikia amina. Kwao ni dhambi kuisikia baraka ya mwenzako ukaacha kuiitikia, na Merkada hakuwahi kuacha tangu alipojua kusema. Alisimama na sinia tupu mkononi, akimwangalia mdogo wake akinywa, na hakuitikia.